Nati ya Kushoto

Muheza
6 Machi 1954

Kwa mke wangu Mwanasiti, uliyenikimbia mimi babu yako ukaolewa Pangani,

Salamu zangu zipokee zote, kisha huyo mume mwenzangu Idarusi umegee kidogo, asije akasema namdhulumu. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kulia, na hilo nitalieleza chini. Kitukuu changu Mwatumu mbusu kisogoni, maana nasikia usoni ana harara. Mwambie nimeshamposa, akue upesi, wake zangu wengine wanazeeka.

Bibi yako Mboni amerudi salama kutoka kukulea arobaini yako. Nilimtoa hapa mke, nimerudishiwa mkaguzi wa forodha. Alipoingia ukumbini aliitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi.

"Imetiwa mafuta," akasema.

Nikasema, "Ndiyo, mashine hutiwa mafuta."

"Na wewe umenyoa ndevu."

Basi hayo ndiyo makaribisho niliyopewa, mimi niliyekaa mpweke nakula mihogo ya kuchoma.

Sasa neno lenyewe. Wewe umeolewa na fundi wa baiskeli, kwa hiyo sina haja ya kumlipa mtu mwingine anidanganye. Alhamisi nilikuwa nakwenda Magila. Nilipofika kile kilima, pale barabara inapoanza kumtukana mwenye baiskeli, nikasikia tak. Nikakanyaga, tak. Mkono wa pedali unakwenda mbele, ekseli inabaki nyuma, kama imamu na maamuma kiziwi. Mara mguu ukakanyaga hewa, nami nikajikuta nimeketi mtaroni mbele ya watoto wa shule ya misheni, goti limechubuka, kofia yangu kule, heshima yangu sijui wapi. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo babu," kwa adabu kabisa, na wenzake wakaanguka kwa kucheka.

Nikaisukuma hadi nyumbani. Jirani yangu Safari akaja na spana akakaza nati. Alhamisi ya pili nikatoka tena. Kilima kilekile, tak.

Muulize Idarusi huu ni ugonjwa gani. Bibi yako usimwambie kama nimeuliza, atasema niiuze. Na usiniulize Magila nina nini. Nafuata machungwa.

Ni mimi mumeo asiye na talaka,
Sadalla


Pangani
17 Machi 1954

Kwa babu yangu na mume wangu wa bure,

Shikamoo. Barua yako imefika ina harufu ya mafuta ya nywele. Zamani barua zako zilinuka ugoro. Sisemi kitu.

Mwatumu harara zimepona, na posa yako ameijibu kwa kucheua. Idarusi amecheka mpaka kaangusha tupa. Bibi mpe shikamoo yangu, na mwambie ule mchuzi wa papa alionifundisha, safari hii haukukatika tui.

Haya, maneno ya Idarusi ni haya. Kwanza usikaze chochote, pima. Simama pembeni, shika mikono yote miwili ya pedali, huu kwa mkono wako huu, na ule kwa ule, halafu itikise. Ikicheza yote miwili pamoja, ugonjwa uko ndani kwenye gololi, mletee yeye. Ukicheza mmoja na mwenziwe ametulia, basi ugonjwa ni pini.

Pini yenyewe ni kile kichuma kinachopita kwenye mkono na kuubana kwenye ekseli. Ubavu wake mmoja umechongwa bapa. Itoe uiangalie pale penye bapa. Kama pamelika na kufanya kijidaraja, imekwisha, nunua nyingine. Kama pako safi, irudishe. Ila anasema watu wengi hukosea hapa: hukaza nati wakadhani wamemaliza. Nati haivuti pini, inaizuia tu isirudi. Pini huingizwa kwa nyundo, na chini ya mkono uweke gogo, usije ukavunja gololi. Ukiisha kuigonga ndiyo ukaze nati ya ule wa kushoto, uitembeze siku moja, uikaze tena.

Sasa langu mimi. Babu, machungwa gani mwezi wa tatu? Huku kwetu yangali madogo kama ndimu. Au Magila wana mvua yao wenyewe?

Mjukuu wako,
Mwanasiti


Muheza
29 Machi 1954

Kwa Mwanasiti mwenye maswali,

Nimepokea barua yako na afya ninayo, namshukuru Mungu. Bibi yako naye mzima. Ananipikia vizuri kupita kawaida, na hilo linanitia wasiwasi. Jana nimepewa kuku, na hapakuwa na mgeni.

Machungwa yanafuatwa mapema, Mwanasiti. Mfanyabiashara anakwenda kuyatazama mtini, anayapapasa, anasema na mwenye miti. Wewe hujui biashara.

Nimepima kama alivyosema mume mwenzangu. Mkono mmoja ulicheza, mwenziwe akatulia kama bubu. Nikaitoa pini, nikaipeleka dukani kwa Kutbuddin nikiwa na hasira zangu tayari, maana yeye ndiye aliyeniuzia. Nikamwambia pini zake ni za jibini. Akavaa miwani, akaigeuza pini, akapitisha ukucha juu ya bapa. Safi, Mwanasiti, kama imetoka jana tumboni mwa mama yake. Akanipa nati mpya, akaigonga pini mwenyewe gogo likiwa chini, akakaza. Akasema, "Sadalla, sasa panda hata mnazi."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nimeipanda hiyo baiskeli sokoni, msikitini, kwa kinyozi, na mara moja kwa kujionyesha tu. Hapana tak. Alhamisi nikatoka kwenda Magila. Tak.

Nikairudisha kwa Kutbuddin naisukuma. Akaiangalia nati, akaninong'oneza kama daktari mwenye habari mbaya: "Hii nati imeng'atwa." Kweli, pembe zake zilikuwa na meno. Spana haiachi meno. Koleo ndilo linaloacha meno. "Chuma hakijifungui, Sadalla," akasema. "Una mtu."

Sasa nisikilize vizuri. Mtaa wetu huu koleo analo nani? Safari! Huyuhuyu aliyekuja mbio na spana kunisaidia. Na Safari siku hizi anajipaka manukato, na juzi nimemsikia anauliza nauli ya Magila. Nimeanza kumwangalia. Akinisalimu namwitikia nusu.

Lakini yupo na wa pili ninayemwangalia. Nimeisoma barua yako mara nyingi, maana mimi darasa nililotoroka ni la pili na kusoma kwangu ni kwa kurudiarudia. Umeandika, "ukaze nati ya ule wa kushoto." Mwanasiti, mimi sikukwambia ni wa kushoto. Itafute barua yangu uisome. Nilisema mkono wa pedali, basi.

Wewe uko Pangani. Umejuaje?

Ni mimi niliyeketi mtaroni,
Sadalla


Pangani
20 Aprili 1954

Shikamoo babu,

Nisamehe kuchelewa. Mvua zimekata barabara, mtoto ameota jino kwa homa, na kushona kwa cherehani ya jirani kumenijaa mikononi. Idarusi anakusalimu. Mama mkwe wangu anakusalimu.

Kuhusu kushoto, Idarusi anasema kwa kawaida huwa ni kushoto, kwa sababu kulia kuna mnyororo unaziba na unachafua nguo. Ndiyo maana nikaandika hivyo. Usiniandame.

Safari muache. Mtu mwenye wake wawili na mbuzi wagonjwa ana nafasi gani ya kung'ata nati yako? Na hata kama ni yeye, nieleze, yeye inamhusu nini wewe kufika Magila au kutofika? Machungwa yako yanamwasha nini? Kila ukimshtaki Safari, babu, unajishtaki mwenyewe.

Sasa nina neno zito na sitalifanyia mzaha. Dereva wa basi la Muheza ameniletea salamu za mdomo kutoka kwa bibi. Ameuliza kama kile chumba chetu cha uani bado kitupu. Nikamrudishia kuwa ni kitupu, kuna nini? Akaleta jibu: hakuna kitu, ila akiletewa mke mwenza katika uzee huu hatapiga kelele wala hatakwenda kwa kadhi. Atafunga kasha lake na kupanda basi.

Dereva anasema alikuwa anayasema hayo huku anachagua mchele, wala hakuinua kichwa.

Unamjua bibi kuliko mimi. Je, ni mwanamke wa maneno matupu?

Mwanasiti


Muheza
8 Juni 1954

Mke wangu Mwanasiti,

Idi mubarak. Funga imekwisha, tumbo langu na mimi tumepatana. Nguo ulizoshona zimefika. Bibi yako alivaa yake siku ya Idi, akapita nyumba zote za mtaa, hata za watu asiowapenda. Mwatumu nimemwekea kijisarafu cha sikukuu, nitampa kwa mkono wangu, maana Idarusi simwamini.

Barua yako nilikaa nayo mfungo mzima. Sikuijibu kwa sababu mtu aliyefunga hatakiwi kusema uongo.

Nitakwambia robo. Robo tatu nabaki nazo. Ulipomchukua bibi yako kwa arobaini, nilikwenda Magila kweli kutafuta kazi ya machungwa ya msimu. Nikakaribishwa maji na mama mmoja wa Kibondei, mjane, anaitwa Bibiana, mwenye miti mingi nyuma ya nyumba. Nikamsimulia kile kisa changu cha yule punda wa Tongoni aliyeingia msikitini. Mwanasiti, alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nikamsimulia cha mkwe wangu na kisima. Akatokwa na machozi. Wewe hujui ni nini kwa mtu wa umri wangu kuchekwa vile. Bibi yako visa vyangu vyote anavijua. Nikifika kwa punda, yeye anamalizia kwa niaba yangu, tena anasahihisha.

Basi nikawa narudi kwake kila Alhamisi. Hiyo ndiyo robo.

Kile chumba chako sijui ni habari gani. Bibi yako hajanitamkia neno. Kasha lake liko palepale chini ya kitanda. Nimelisukuma kwa mguu, ni zito, lakini siku zote ni zito.

Turudi kwenye baiskeli, huko ndiko nilikopata akili. Mwezi mzima wa Ramadhani sikwenda Magila. Nilipanda tu mjini, asubuhi na alasiri. Na ule mkono ulikaa kimya kama umefunga pamoja nami. Kumbe haukatai mwendo, unakataa Magila! Mtu huyo anajua Alhamisi yangu, na anaijua baiskeli yangu inapoegemea. Ni Safari, nakwambia. Anaruka ua. Anataka kisa cha punda akakisimulie yeye.

Nimepanga mtego. Jumatano ya wiki ijayo nitachukua masizi ya chungu, niyachanganye na mafuta ya nazi, niipake ile nati nene nene. Atakayeigusa atabaki na vidole vyeusi hata akijisugua kwa mchanga. Alhamisi nitakagua mikono ya mtaa huu kama mwalimu wa misheni.

Safari nimemwona jana anacheka peke yake. Ataona.

Ni mimi mwenye mtego,
Sadalla


Pangani
15 Juni 1954

Shikamoo babu,

Naandika haraka, basi linawasha moto. Futa hayo masizi.

Sitasema zaidi, nimekula kiapo cha watu wawili. Lakini fikiri: ukimjua aliyefungua nati, itabidi na yeye ajue kuwa umemjua, na hapo mtatazamana, na kila mmoja atalazimika kusema. Sasa hivi kila mmoja wenu anaweza kusingizia baiskeli. Ukiiondoa baiskeli katikati, kitabaki nini, kama si kasha na basi?

Kama Magila unakwenda kwa kucheka tu, baki nyumbani. Kama unakwenda kwa jambo jingine, sema. Chumba nimekifagia. Naomba Mungu nisikitandike.

Futa masizi.

Mwanasiti


Muheza
27 Juni 1954

Kwa mke wangu mdogo, mwenye kiapo,

Huku ni wazima wote wawili, nakutangulizia hilo usije ukaisoma barua hii umesimama. Kaa chini. Mwatumu mpakate.

Barua yako ilifika Ijumaa. Mtego ulikuwa Alhamisi. Lawama zote mpe dereva.

Alfajiri nilikwenda msikitini nikarudi mbio mbio, sunna nikiwa nimezisali kama anayefukuzwa. Nikachutama kwenye baiskeli. Nati imelegezwa, masizi yamevurugwa! Nikaigonga pini kwa gogo kama alivyosema Idarusi, nikakaza, nikanawa, nikatoka kukagua. Safari nilimkuta anamkamua mbuzi. Nikamwambia, "Nionyeshe mikono." Akanionyesha, akidhani nimerukwa na akili. Myeupe. Nikaenda kwa mwuza maji, kwa vijana wa kibandani, hata maskini wa watu Kutbuddin nilimgeuza viganja juu ya kaunta yake. Mtaa mzima safi kama maiti aliyeoshwa.

Nikarudi ndani kuvaa. Bibi yako alikuwa ameshika kanzu yangu nyeupe, ile ya harusi yako. Akanivisha kwa nyuma kama mtoto. Akanigonga mgongoni pole pole, akasema, "Nenda salama, mume wangu." Mwanasiti, nimekagua viganja vya Muheza nzima. Vya mke wangu sikuvitazama. Naviona kila siku, nikadhani nimeshaviona.

Nikapanda. Watu njiani walinisalimu kwa furaha isiyo ya kawaida. Nikafikiri ni kanzu. Kilima cha Magila nikakipanda hapana tak hata moja, nami moyoni nina maneno niliyoyapanga, nawe unajua ni maneno gani, maana zile robo tatu ndizo hizo. Nilikuwa nakwenda kusema.

Bibiana akatoka barazani. Nikamsalimu, nikageuka kuegemeza baiskeli mtini. Nikasikia kicheko nyuma yangu, na bado sijasimulia kitu.

"Mzee Sadalla," akasema, "nani kakushika mgongoni?"

"Hapana mtu," nikasema.

"Wee! Kiganja kizima hiki hapa, vidole vitano, vyeusi ti. Na pale penye pete pameachwa peupe."

Pete. Nilisimama pale, nikaijua ile pete hata kabla hajamaliza kusema. Niliinunua mimi Tanga, nikaivisha mimi.

Akaacha kucheka. Yule mama si mjinga. Akasema, "Mwenye mkono huu hajakuachilia bado. Mimi nilidhani unakuja kusimulia tu, na kwa kusimulia nakupenda. Kama ulikuwa na jingine, rudi nalo nyumbani. Machungwa yakiiva, njoo naye achague mwenyewe."

Nikateremka kilima kile bila kukanyaga. Sijawahi kuona baiskeli inakwenda kasi namna ile na mwenyewe hataki kufika.

Bibi yako alikuwa barazani na ungo wa mchele. Mawazo yangu yote njiani yalikuwa juu ya neno la kusema, na nilipofika sikuwa nalo. Basi nikamgeuzia mgongo. Nikasimama tu, kama kanzu iliyoanikwa. Nikasikia mchele umenyamaza.

Akautazama mgongo wangu. Nadhani kisha akakitazama kiganja chake. Nikaanza kulisikia lile basi la Pangani masikioni mwangu, na kasha linapandishwa juu.

Halafu, Mwanasiti, akacheka. Si kicheko cha kumalizia punda. Kile cha zamani, cha kuanzia tumboni, mpaka ungo ukamponyoka na kuku wa Safari wakaja kula mchele wetu. "Umekwenda hivyo mpaka huko?" anasema. "Mpaka huko, na mkono wangu mgongoni?" Anajifuta macho, anauliza tena. Nami nikamweleza yote, kilima, salamu za njiani, na alivyosema Bibiana, na nilipofika kwenye pete akaizungusha kidoleni.

"Ulikuwa unakwenda kuoa?" akauliza.

Nikasema, "Nilikuwa nakwenda kuuliza."

"Na ungekubaliwa?"

"Kwa uso huu?" nikasema. Hapo akacheka tena, lakini kidogo, na machoni hakuwa anacheka. Sikumdanganya. Niandikie kama nilikosea.

Akaniambia mwenyewe ya Pangani, kwamba habari zangu za Magila zilimfikia hukohuko kwa mdomo wa dereva wa basi. Alivyokaa na Idarusi barazani siku zote zile za arobaini, akimwuliza hii inafungwaje, na ile inafunguliwaje, naye mume mwenzangu, mpumbavu wa Mungu, akidhani amepata mwanafunzi. Koleo aliliazima kwa mke mkubwa wa Safari. Kulia aliogopa mnyororo usimchafulie leso. Na wewe ulijua tangu barua ya kwanza ukakaa kimya! Nyumba nzima ya maadui, na mimi nampelekea Safari macho makali kama mwizi. Nimemwomba radhi. Amesema nimpe kisa cha punda.

Alasiri ile nikachukua nyundo, nikaitoa pini ya kushoto, nikampa mkononi. Akaifunga kwenye pindo la leso, pale anapofunga tambuu. Tangu hapo nikitaka kwenda sokoni naomba pini. Nikitaka kwenda msikitini naomba pini. Swali ni moja tu, "Unarudi saa ngapi?" nami najibu kama mtoto wa chuoni.

Alhamisi hii machungwa yameanza kugeuka rangi kweli, Kutbuddin shahidi. Nikaomba pini. "Wapi?" akasema. Nikasema, "Magila." Akalifungua lile fundo taratibu mno, akanipa. Nikaigonga. Nikakaza. Nikamtazama aseme neno. Akaenda ndani, akatoka na buibui, akapanda keriya nyuma yangu.

Kwenye kilima alikataa kushuka. Niliomba, nilitukana, hakushuka. Pini haikusema kitu. Kule walisalimiana, wakatazamana kutoka juu hadi chini kama wanaume wa ngumi, kisha bibi yako akachagua machungwa, akayakataa mengi. Niliposema niwasimulie ya punda, walisema wote wawili kwa sauti moja, hapana.

Mwambie Idarusi kile chumba cha uani afuge mbuzi.

Ni mimi, mume wako wa pili kwa cheo,
Sadalla